Orodha Niliyoibandika Peke Yangu

Harufu ya samaki wa chumvi huwatia watu wengine njaa. Mimi hunitia hamu ya kuandika programu. Msinicheke, nina sababu yangu. Chumba nilichojifunzia lugha ya kwanza ya kompyuta, mjini Bunia, nikiwa na miaka kumi na mitatu, kilikuwa ghala la samaki kabla ya vita. Walikuwa wakiletwa kutoka Kasenyi, ufukoni mwa Ziwa Albert, wakiwa wamepasuliwa na kukaushwa, na kurundikwa humo hadi karibu na mabati. Vita vilipokwisha, au tuseme vilipopumzika, shule yetu ilipewa jengo lile. Tulisugua kuta kwa majivu na sabuni, tukapaka chokaa mara mbili, na harufu ikabaki palepale. Jua la saa sita likipiga mabati, ilitoka ukutani upya, ikachanganyika na petroli ya jenereta na vumbi jekundu lililokuwa likipata moto ndani ya mashine. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya elimu. Wengine wabaki na chaki yao.

Ilikuwa miaka ile ya amani yenye wasiwasi. Bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini, soko lilikuwa limejaa mboga za lengalenga na viazi, pikipiki za abiria zilikuwa zimerudi kupiga honi hadi Mudzipela, lakini kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kukaa tayari. Kwetu ilikuwa mfuko nyuma ya mlango. Ndani yake mama alikuwa ameweka nguo za kubadili, vyeti vyetu vya ubatizo, kisu, chumvi, na kikwembe chake kizuri kuliko vyote, cha rangi ya buluu na manjano, ambacho hakukivaa hata Krismasi kwa sababu kazi yake ilikuwa kusubiri kukimbia pamoja nasi. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, ingawa ng'ombe wenyewe walikuwa wamebaki wachache, wakichungwa na baba nje ya mji. Shuleni tuliketi benchi moja na watoto waliotoka upande wa Djugu, watoto wa wakulima. Wakubwa wetu walikuwa wameuana na wakubwa wao. Nasema wazi kwa sababu siku zile hakuna aliyesema wazi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, tukaazimana kalamu, na lile jambo tukalizunguka kama shimo barabarani. Lakini majina yetu hayakujua kunyamaza. Mtu akisikia jina lako tu, alijua nyumba yenu ilichomwa na nani.

Mwalimu wetu wa kompyuta aliitwa Madame Brigitte, na hakuwa wa upande wowote, kwa kuwa alitoka Kisangani. Alikuja na mashine tano amezivingirisha katika vikwembe, juu ya lori la mizigo, kwa ile barabara ambayo mvua ikinyesha huacha kuwa barabara. Nia-Nia walikwama siku nne katika tope. Abiria wengine waliteremka kutafuta chakula na kivuli, yeye akakataa kabisa kuacha mzigo wake. Alipofika Mambasa, alitusimulia, mama mmoja wa sokoni alimwonea huruma akamletea uji, akidhani amebeba mtoto mgonjwa. Aliupokea akanywa mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukatakata maneno, na tulimwogopa kwa wiki moja tu. Baadaye tulimpenda hata tukaanza kutembea kama yeye, kwa hatua za harakaharaka, mikono nyuma.

Lugha aliyotufundisha ilikuwa Python, nayo siku ya kwanza ilizua kelele, maana mtu alijua kwamba hilo ni jina la chatu, na mwenzetu mmoja aliinua miguu juu ya benchi kwa mzaha. Herufi kwenye vibonye zilikuwa zimefutika, kwa hiyo Madame alizichora upya kwa rangi yake ya kucha, nyekundu, moja baada ya nyingine. Maneno ya lugha yenyewe hayakuwa Kiswahili, hayakuwa Kifaransa cha shuleni, wala Kilingala cha askari. Tuliyachukua hivyo hivyo, kama mtu anavyojifunza jina la mgeni. Neno if tulilitamka ifu, na print tukaliita printi, na maisha yakaendelea. Nakumbuka siku niliyoandika mstari wangu wa kwanza, nikafinya kibonye kikubwa cha pembeni, na kioo kikanijibu: Kasemire. Jina langu. Nilitazama huku na huku kuona kama wengine wameona. Hakuna aliyekuwa amelitamka, hakuna aliyelitafutia upande, lilikaa tu pale katika mwanga likiwa zuri. Nilifurahi hadi nikahisi haja ndogo.

Kilichotusumbua zaidi kilikuwa nafasi za mwanzo wa mstari. Katika lugha ile, ukiiambia mashine irudierudie kazi fulani, mistari ya kazi hiyo lazima uisogeze ndani kidogo, mbali na ukingo. Ukiusahau mmoja nje, mashine ama inagoma, ama inafanya jambo lingine kabisa. Madame alipita nyuma yetu akigonga kioo kwa ukucha: "Huyu iko ndani ya nyumba ao iko inje? Kama iko inje, hatakula." Hadi leo nikiona mstari uliokaa vibaya, namwona mtoto amesimama mlangoni wakati wenzake wanakula.

Kwa kuwa mashine zilikuwa tano na sisi kumi, Madame aliweka sheria moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Tutafanya kazi wawili wawili: mmoja anaandika, mwenzake anasoma kwa sauti kila kilichoandikwa, mstari kwa mstari, kabla ya kufinya. Sikio, alisema, linaona makosa ambayo jicho limeyazoea. Mimi nilipewa Ngave. Alikuwa msichana mrefu, mtaratibu, aliyetoka Djugu na mama yake tu, wakiishi katika chumba cha kupanga karibu na mto Nyamukau. Alikuja kwetu mara mbili au tatu kwa wiki, akala ugali na maziwa ya mgando, na mama yangu hakumuuliza lolote ila kama ameshiba. Mimi nilikuwa na mikono ya haraka na kichwa cha moto, yeye alikuwa na sikio. Alisoma polepole mno hata nilitamani kumfinya. "Soma," ningemwambia, naye angesoma, angefika mahali angenyamaza, angeweka kidole kwenye kioo, na mara tisa kati ya kumi kosa lilikuwa pale. Kazi ikiisha salama alisema neno moja, "Bandika," kwa sababu kilichokuwa sawa Madame alikichapa na kukibandika ukutani. Ukuta wetu ulikuwa umejaa karatasi zenye majina mawili, Kasemire na Ngave. Naona aibu kukiri, lakini kufikia katikati ya muhula nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba lingetosha moja.

Basi prefe, mkuu wa shule yetu, akaja na neno lake. Alikuwa mzee wa tai na viatu vilivyopigwa rangi, asiyekuwa na ubaya wowote, ila alikuwa na mifuko ya simenti ya kujenga madarasa na mvua ilikuwa ikiinyeshea. Kamati ya wazazi iliona chumba kizuri, chenye mlango wa chuma, kimejaa watoto wanaochezea mashine. Prefe alisimama mlangoni na kusema kwamba anatupa hadi mwisho wa muhula. Tukiweza kuonyesha kitu kimoja, kimoja tu, chenye faida kwa shule nzima, chumba kitakuwa chetu. La sivyo simenti itaingia na mashine zitafungwa tena katika vikwembe. Nilikuwa mtoto ambaye hakuwahi kujua chochote kuliko wengine, na katika chumba kile nilijua. Sikuwa tayari kukirudisha kwa samaki wala kwa simenti.

Kazi tuliyochagua ilikuwa salongo. Kila Jumamosi wanafunzi wote walifanya usafi wa shule kwa vikosi: wengine kufagia uwanja, wengine bustani ya mbele, wengine kuchota maji, na wengine, kwa masikitiko yao, vyoo. Orodha iliandikwa kwa mkono, na kila wiki ulitokea ugomvi, huyu amempendelea mpwa wake, yule amemkomoa jirani. Tulisema kompyuta itagawa watu. Prefe alilipenda wazo lile hata akacheka. Madame naye alilipenda, ila alituonya: "Machine haina ndugu, ile ni kweli. Lakini haina na akili. Inafanya ile unasema, haifanye ile unawaza." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Nilikuwa nimesikia ile nusu ya kwanza tu.

Tuliingiza majina mia moja na ishirini kwa mkono, Ngave akisoma daftari, mimi nikiandika. Ilituchukua siku nyingi. Majina yalikwisha, lakini kabla hatujaandika mistari ya kuyagawa, mama yake alimchukua kwenda Djugu. Lilikuwa jambo kubwa kwao: walikuwa wamelima tena shamba lao kwa mara ya kwanza tangu wakimbie, na maharage yalikuwa yamekauka, yakisubiri kung'olewa. Ngave aliniomba nimngoje hadi Jumanne. Nikamwambia sawa. Alipoondoka, Ijumaa, nilikaa mbele ya mashine peke yangu, nikaona kwamba kilichobaki ni mistari michache. Niliiambia iyapange majina kwa herufi, kuanzia A, kisha iyakate katika vipande vinne vilivyo sawa, thelathini thelathini, kipande cha kwanza kipewe bustani ya mbele, cha pili uwanja, cha tatu maji, cha nne vyoo. Nilifinya. Hakuna kosa hata moja. Majina yalishuka kwenye kioo kama mvua juu ya mabati, yamepangika, safi, na mimi nikapiga makofi peke yangu. Madame alikuwa katika mkutano wa walimu. Nilichapa. Na chini kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa kuliko zote, niliweka: Programu ya Kasemire. Kisha nikaibandika mwenyewe kwenye ukuta wa ofisi ya prefe, nikarudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Jumamosi mvua iliyonyesha tangu alfajiri ilizuia salongo, kwa hiyo Jumatatu nilifika mapema ili niwaone watu wakiona. Walikuwa wamejazana mbele ya ukuta, nikajipenyeza kwa kujidai, nikitegemea kelele. Hapakuwa na kelele. Watoto walikuwa wakitafuta majina yao kwa kidole, wakiyapata, kisha wakitazama majina ya jirani, juu na chini. Nilisimama nikatazama kama wao, na ndipo nami nikaona. Kwetu si sheria, lakini katika shule ile ilitokea hivyo: majina ya watu wetu mengi yalianza na A, na B, na K. Majina ya watu wa Djugu mengi yalianza na L na N. Vikosi viwili vya kwanza vilikuwa sisi. Vikosi viwili vya mwisho vilikuwa wao. Sisi tulikuwa na maua na uwanja, wao walikuwa na ndoo na vyoo. Ilikuwa orodha ya majina, imechapwa, imetenganisha watu wa huku na watu wa kule, na imebandikwa ukutani, katika mji ambao bado ulikumbuka orodha za namna nyingine. Mvulana mmoja wa mwaka wa tatu alisema bila kupaza sauti, "Kumbe siye njo ba latrine?" Na mwenzake akamjibu, "Ona jina iko chini." Wote waligeuka wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na karatasi yangu.

Siku hiyo hapakuwa na mpira uwanjani. Kesho yake wanafunzi saba wa upande wa Djugu hawakuja shule. Wazazi wawili walikuja badala yao, na wa tatu alikuwa mama yake Ngave, ambaye alikuwa ameshuka kwenye lori asubuhi hiyo na kukutana na habari njiani kabla hata hajautua mfuko wa maharage. Hakuingia kwa prefe kwanza. Alinitafuta mimi, akanikuta karibu na bomba. Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Mutoto yangu anakulaka kwenu," alisema. "Leo weye njo unamuandika ku latrine, na batu yake bote?" Nyuma yake Ngave alisimama amekumbatia daftari letu la majina, akitazama chini. Saa nne prefe aliibandua karatasi, akaikunja mara nne akaitia mfukoni, na akafunga chumba chetu kwa kufuli. Alimwambia Madame kwamba mkutano wa wazazi ni Jumamosi, na kwamba kama hakuna maelezo ya kueleweka mbele ya watu wote, simenti inaingia Jumamosi hiyo hiyo.

Nyumbani nilimweleza mama yangu nikilia, nikitegemea anipoze. Alikuwa akikoroga chungu, hakugeuka. Aliuliza swali moja: "Ulibandika weye peke yako?" Nikasema ndiyo. "Basi utaitoa weye peke yako. Mbele ya bazazi." Nikamwambia prefe ameshaibandua. Akasema siyo ile karatasi anayoizungumzia.

Jumatano mchana nilikuwa nimeketi nje ya mlango uliofungwa, nikinusa samaki kupitia ufa, Ngave alipokuja akaketi. Aliketi upande wa mwandishi, siyo upande wake. Alifungua daftari akanisogezea. "Soma," alisema. "Mi niko nasikiliza." Nilianza kusoma majina ya kikosi cha kwanza, moja baada ya jingine, kwa sauti. Sikufika kumi. Masikio yangu yenyewe yalinionyesha. Kama ningemngoja hadi Jumanne, kama ningemwacha asome kwa ule upole wake ulioniudhi, angefika jina la nane angenyamaza na kuweka kidole. Niliacha kusoma nikamwomba msamaha, kwa kosa la orodha na kwa kosa la jina lake ambalo sikuliweka chini. Alisema la pili ndilo lililomuuma. Kisha akatoa mfukoni maharage aliyotoka nayo Djugu, akayamwaga katika kiganja: mekundu, meupe, yenye madoa, ya manjano. Alinieleza jambo ambalo mtu wa ng'ombe asingelijua. Mama yake hapandi aina moja katika shamba. Kabla ya kupanda huchukua mbegu za kila rangi, huzitikisa pamoja katika ungo, mara nyingi, bila kuchagua, na hupanda kama zinavyokuja mkononi, ili ugonjwa ukiingia usikute mstari mzima wa kuula. "Tuitikise kwanza," alisema, "njo tukate." Kisha akaongeza, "Na latrine izunguke. Kila wiki kikosi ingine."

Hatukuwa na mashine, kwa hiyo tuliandika programu katika daftari, kwa kalamu, magoti yetu yakiwa meza. Madame alipita, akasoma, akatuambia kwamba lugha ile inalo neno tayari la kutikisa orodha, akatufundisha pale pale, akaenda zake akijifanya hana habari. Tulisoma kila mstari kwa sauti, mara mimi mara yeye, na nafasi za mwanzo wa mstari tulizipima kwa upana wa punje za maharage. Hadi leo naamini sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu kama kile, nami tangu hapo nimeandika vingi.

Jumamosi prefe alitoa meza nje, uwanjani, na mashine moja juu yake, na jenereta ikakohoa hadi ikawaka. Wazazi walijaa, wakiwa wamekaa kama orodha yangu: hawa huku, wale kule. Nilimtafuta mama nikamwona anaingia langoni, na kwa muda sikumtambua. Alikuwa amevaa kikwembe cha buluu na manjano. Alikuwa amekitoa mfukoni nyuma ya mlango. Bado kilikuwa na mistari ya mikunjo ya miaka, alikuja kukaa nacho mbele kabisa, na mimi nikapiga moyo konde. Nilisimama nikasema kwamba jina lililokuwa chini ya karatasi ile ni langu na kosa lote ni langu, siyo la mashine, siyo la Madame, siyo la prefe. Nilieleza kwamba niliiambia ipange kwa herufi kwa sababu sikuwaza, na kwamba nilifanya peke yangu kwa sababu nilitaka kusifiwa peke yangu. Kisha Ngave akasimama kando yangu akaeleza habari ya kutikisa, na pale niliona wakinamama wa Djugu wakitikisa vichwa, wakielewa haraka kuliko mzee wa tai.

Prefe aliuliza nani atafinya. Mama Ngave aliinuka bila kuitwa, akafuta mikono kwenye kikwembe chake, akaja mezani. "Nifinye wapi?" Ngave akamwonyesha. "Na ikikosea?" Nikamjibu, "Ikikosea, Mama, ni siye njo tumekosea." Alinitazama kidogo. Akafinya. Majina yakashuka, na Ngave akayasoma kwa sauti, kwa ule upole wake, na safari hii nilitamani asome polepole zaidi: wa huku, wa kule, wa kule, wa huku, mtoto wa mwalimu kutoka Mambasa, wa kule, wa huku. Watu walikuwa wakisikiliza kwa shingo. Alipomaliza kikosi cha tatu mama yake akamkatiza: "Na latrine? Nani iko latrine hii wiki?" Ngave akatazama kioo, akajaribu kujizuia, akashindwa. Jina la kwanza katika kikosi cha vyoo lilikuwa Kasemire. Uwanja mzima ulicheka. Ulicheka pamoja, pande zote mbili, kwa muda mrefu, na mama yangu alicheka hadi akashika mbavu zake ndani ya kile kikwembe. Mama Ngave akaigonga mashine mgongoni kwa kiganja, kama mtu anavyompongeza ng'ombe wa jirani. "Kumbe iko na akili kidogo," alisema.

Nilisugua vyoo wiki ile, na sijawahi kujivuna katika kazi yoyote kama nilivyojivuna na ufagio ule. Wale saba walirudi shule. Simenti ilipata paa la turubai nyuma ya jikoni, chumba kikabaki chetu. Ukutani palibandikwa orodha mpya, na chini yake majina mawili, la Ngave kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema "Bandika," na mimi nikamshikia kiti alipopanda kuibandika.

Sasa mimi ni mtu mzima, ninaandika programu kwa kazi, hapa hapa Bunia, katika ofisi isiyonuka chochote. Mashine yangu moja ina nguvu kuliko zile tano pamoja na jenereta yake. Vijana ninaowafundisha hujifunza katika simu zao yale tuliyoyaandika kwa kalamu. Ningependa kusema kwamba na amani yetu imekua vivyo hivyo, lakini ningewadanganya. Upande wa Djugu umewaka tena. Shamba la maharage la mama yake Ngave limerudi kuwa majani, naye amekimbia mara ya pili, akiwa na magoti mabovu safari hii. Mama yangu ameurudisha mfuko nyuma ya mlango. Ila kikwembe hakimo. Hicho amekataa kukirudisha, anakivaa kila Jumapili.

Ngave ni mwalimu. Anafundisha watoto waliokimbia, chini ya maturubai, nje ya mji, na watoto hao wametoka kila upande, maana sasa wanakimbia wote. Juzi alinitumia majina yao ili niyagawe katika zamu za kuchota maji. Niliandika kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Mashine haikulalamika, na kazi ilikuwa imekwisha. Nami sikuituma. Nilimpigia simu, kama ninavyofanya kwa kila orodha ya watu tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikasikia watoto wakipiga kelele nyuma yake na upepo ukipiga turubai.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Jina kwa jina, polepole, kama alivyonifundisha, na yeye kimya, akisikiliza. Mara moja aliniambia nirudie kikosi cha pili, nikarudia. Nilipofika jina la mwisho nilingoja. Miaka yote hii, na bado ninapongoja pale moyo hunidunda kama mtoto wa shule.

"Bandika," alisema Ngave.